Pedali za Kushukia Rodi

Mzungu wa mradi wa visima alipomaliza kazi yake Migori, aligawa vitu vyake kama mtu anayehama kwa furaha. Kitanda kilikwenda kanisani, sufuria zikaenda kwa mpishi, na sanduku moja la bati likaletwa kwa Nyakundi, fundi wa baiskeli pale Suna. Mimi nilikuwa nimetua hapo kwa Nyakundi, nikimsaidia kuziba pancha. Nasema nimetua kwa sababu sikai sana mahali. Nimelala Musoma, nimelala Tarime, Kisii nimelala mpaka nikachoka na ndizi. Suna nilipanga kupita tu. Lile sanduku ndilo lililoniweka.

Ndani mlikuwa na jozi mbili za pedali na jozi moja ya viatu. Pedali zenyewe hazikuwa na raba, wala mkanda, wala mahali pa mtu kuweka ndala yake. Zilikuwa na mdomo tu. Unavaa kile kiatu, ambacho chini ya soli kimefungwa kipande kigumu kwa skrubu, unakanyaga kwenye mdomo, kaa! umeshikwa. Mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Mwenzako akisukuma chini tu, wewe unasukuma chini na kuvuta juu. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwenda nje. Mzungu alimwonyesha Nyakundi mara moja, ameegemea ukuta, akaenda zake kwao.

Kile kipande cha chini ya kiatu tulikiita kwato, maana ukitembea nacho kwenye simiti unasikika kama ng'ombe anaingia bucha.

Kwato zilikuwa za aina mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kuna kubwa, ya plastiki, pana kama kiganja cha mtoto, inayofungwa kwa skrubu tatu na kutokeza nje ya soli. Pedali yake ina mdomo upande mmoja, na ukiiacha inaning'inia kichwa chini, mpaka uigeuze kwa ncha ya kiatu ndipo uingie tena. Na kuna ndogo, ya chuma, kama kifuniko cha soda kilichokunjwa, skrubu mbili, inajificha ndani ya mfereji wa soli hata ukitembea mtu hajui. Pedali yake ina midomo pande zote mbili, na kando yake kaskrubu ka kukaza au kulegeza springi. Viatu vilikuwa vimetobolewa kwa zote mbili. Kuchagua ilikuwa juu yetu.

Na aliyetakiwa kuchagua alikuwa Wangwe.

Wangwe alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mtu wa kusafirisha maharagwe na sabuni kwa baiskeli kati ya mpaka na Suna. Mapaja yake yalikuwa kama magogo ya mvule. Migori tulikuwa tumepata wilaya yetu miaka michache tu iliyopita, na watu wa Homa Bay, waliokuwa wakubwa wetu zamani, walikuwa bado wanatuita watoto waliohamia jikoni kwao wenyewe. Kulikuwa na mashindano ya baiskeli kutoka Migori mpaka Homa Bay, kwa baiskeli nyeusi zile za kawaida, nzito, zisizo na gia. Mshindi alikuwa anachukua ngao. Hiyo ngao ilikuwa haijawahi kuvuka Rongo kuja kwetu, kwa sababu Homa Bay walikuwa na mtu anaitwa Maranga, mchukuzi wa samaki, mrefu, mwenye kifua cha mvukuto. Kila mara ni Maranga. Mwaka uliotangulia Wangwe alikuwa wa pili, na wa pili hasomwi hata redioni.

Sheria ilisema baiskeli nyeusi, bila gia. Pedali haikuzitaja.

Tulianza na zile kubwa. Nyakundi alizipenda kwa sababu zilikuwa nzuri kutazama. Akafunga ya kulia, akafunga ya kushoto kinyumenyume kama inavyotakiwa, akampaka Wangwe mafuta ya sifa kabla hajapanda hata. Wangwe akateremka mpaka daraja la mto Migori, akageuka, akapanda kile kilima cha kurudi Suna. Mimi nimeona watu wakipanda kilima kile maisha yao yote wakiwa wamesimama juu ya pedali wakihema kama mbuzi. Wangwe alikipanda ameketi. Watu walitoka madukani.

Akafika mbele ya karakana, akafunga breki, akasimama, akatupa tabasamu. Halafu akaanza kuanguka. Alianguka polepole, kwa upande, na baiskeli yake, kama gunia la mahindi ambalo limeegemezwa vibaya. Kisigino alikuwa amekisahau.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akapiga kelele, "Mtoeni! Baiskeli imemla mguu!"

Tukamchomoa. Akasimama, akajaribu kutembea na yale makwato ya plastiki, akateleza, akanishika bega.

"Mzee," akaniambia, "hii kitu ina nguvu. Lakini ikikushika ni kama askari wa mpaka. Haikuachi bila maelezo."

"Utazoea," Nyakundi akasema. "Nguvu ndiyo tunayotaka. Wewe unaenda kushindana ama kutembelea watu?"

Hapo Emmaculate alikuwa amefika, mke wa Wangwe, na jagi la uji. Alisikiliza, akamimina uji, akampa kila mtu kikombe chake, ndipo akamuuliza mumewe swali ambalo sisi wanaume watatu, na akili zetu zote, hatukuwa tumeliuliza.

"Baba Nyamusi, na pale Rodi utashukaje?"

Sasa ni lazima nieleze Rodi.

Emmaculate ni Mjaluo, binti wa Rodi Kopany, soko lililo njiani, ukitoka Rongo ukiwa unaikaribia Homa Bay. Wangwe alipomtaka, alikwenda kumchukua kwa baiskeli. Emmaculate akapanda keria na kibegi chake, Wangwe akakanyaga, na mama yake alipotoka jikoni akaona migongo miwili tu ikipotelea kwenye kona. Baadaye wazee wa pande zote walikaa, ng'ombe wakapelekwa, watu wakala, mambo yakanyooka. Lakini siku ile ya wazee mama mkwe alitamka neno moja: "Huyo Mkuria wenu ana miguu kweli? Mimi sijawahi kumwona ameshuka." Soko likalidaka hilo neno. Tangu hapo, kwa Rodi nzima, Wangwe akawa mkwe asiyeshuka. Alipeleka sukari, alipeleka mabati, alimlimia mama mkwe shamba. Jina halikubanduka.

Na kwa Wakuria na kwa Wajaluo jambo hili ni moja. Ukikutana na mama mkwe wako njiani, hupiti juu ya baiskeli. Unashuka, unasogea kando, unainamisha macho, unasalimia kwa mbali, na huondoki mpaka ajibu. Hata kama umebeba maziwa yanayochacha.

Kibanda cha mama mkwe, cha nyanya na vitunguu, kilikuwa kimeikabili barabara ya mashindano. Mwaka uliotangulia alikuwa mgonjwa nyumbani, Wangwe akapita. Mwaka huu alikuwa mzima kabisa.

"Rodi hatashuka," Nyakundi akasema. "Ni mashindano. Kila mtu ataelewa."

"Fundi," Emmaculate akamuuliza, "mama mkwe wako anakaa wapi?"

"Nyamira."

"Mbali."

"Mbali sana, Mungu asifiwe."

"Ndiyo maana unaongea hivyo."

Tukacheka wote, isipokuwa Wangwe. Alikuwa ameweka kikombe chini, anaitazama ile pedali kubwa ikining'inia kichwa chini.

Tulijaribu njia ya mkato, sitaficha. Emmaculate alikwenda kwao kumwomba mama yake kwa adabu kwamba siku ya mashindano, baiskeli zikikaribia, aingie tu nyuma ya kibanda kidogo. Mama akamjibu: "Mwambie barabara ni ya serikali, lakini kibanda ni changu. Mimi sijifichi baiskeli." Emmaculate alirudi na jibu hilo na kuku wawili, ndiyo tukajua kwamba mama hakukasirika, lakini pia hakubadilika.

Nyakundi akasema, basi Wangwe avae kofia kubwa afunike uso. Wangwe akamtazama mpaka Nyakundi akaona aibu akaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo tukafunga zile ndogo. Kazi hiyo niliifanya mimi mwenyewe. Mara ya kwanza Wangwe alipozijaribu alirudi akilalamika kwamba chuma kinamchoma katikati ya wayo, maana ni ndogo, nguvu yote inapita mahali pamoja. Nyakundi akafurahi. "Si nilisema? Mpaka ufike Awendo mguu utakuwa unawaka. Ile kubwa inashika mguu mzima. Na hii ukiilegeza, siku utakapovuta kwa nguvu zote utachomoka."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililofanya uchaguzi uwe mgumu. Kama moja ingekuwa mbovu tungeitupa.

Wangwe alizijaribu jioni kadhaa, mara hii, mara ile. Kwa kubwa alikuwa anafika Isebania mbele ya malori yaliyokuwa yanapanga foleni kwenye mizani. Kwa ndogo alikuwa anachelewa kidogo, lakini alikuwa anashuka kama mtu anayeshuka kitandani, na akipanda tena haangalii chini, kwa maana mguu ukianguka popote unakuta mdomo. Jioni ya mwisho akaketi kwenye tairi la trekta mbele ya karakana, akavua kiatu, akakanda wayo wake.

"Weka ndogo," akaniambia. "Na ulegeze springi."

Nikalegeza. Akaingiza mguu, akatoa.

"Zaidi."

"Wangwe," Nyakundi akasema, na sasa hakuwa anatania, "ngao iko hapo hapo. Maranga amezeeka mwaka mmoja. Ukilegeza hivyo, mwisho wa safari utakapovuta, utachomoka."

"Nikichomoka Homa Bay nitarudisha mguu. Nikikwama Rodi nitarudisha nini?"

Nikalegeza zaidi.

Siku ya mashindano waandalizi waliniruhusu kupanda nyuma ya pikapu yao, pamoja na madebe ya maji na Nyakundi, ambaye hakuacha kunung'unika tangu Suna. Walianza asubuhi, kundi zima, mlio wa cheni kama mvua ya mawe kwenye mabati. Awendo miwa ilikuwa imedondoka barabarani kutoka kwenye matrela, wengine wakaikanyaga wakaanguka. Rongo walibaki wachache mbele. Baada ya Rongo, kile kilima kirefu kikawachuja, na tulipowafikia kwa pikapu nilimwona Wangwe ameketi, mgongo umetulia, miguu inazunguka kama cherehani. Maranga alikuwa nyuma yake, amesimama, anahema. Wangwe alikuwa anamwacha! Nilipiga bati la pikapu kwa ngumi mpaka dereva akanitukana.

"Ngao inavuka Rongo leo," Nyakundi akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Mungu wangu, kama asingekuwa na huyo mama."

Rodi tuliiona kwa mbali, na watu. Soko zima lilikuwa limemwagika kando ya barabara. Walikuja kumshangilia Maranga, huyo ndiye mtu wao. Lakini walikuja pia kwa jambo la pili, nalo nililiona kwa jinsi walivyoacha nafasi mbele ya kibanda kimoja cha nyanya, kama watu wanaopisha mchezo.

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo. Hakuwa amejificha, kama alivyosema. Lakini alikuwa ameigeuzia barabara mgongo. Amejitanda leso kichwani, anapanga nyanya ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa, anaziondoa juu anaziweka chini. Nikaelewa, na Nyakundi akaelewa, akanishika mkono. Mama mkwe ambaye hakuoni, hujakutana naye. Yule mama alikuwa amemfungulia mkwewe njia mbele ya soko zima, kwa namna ambayo haikumvunjia yeye heshima yake.

"Pita!" Nyakundi akanong'ona. "Pita, pita, pita."

Wangwe alikuja kwa kasi. Alimwona. Na mtu anaujua mgongo wa mama mkwe wake.

Kisigino kikaenda nje, tak. Cha pili, tak. Alikuwa ardhini kabla gurudumu halijasimama. Akaiondoa baiskeli barabarani, akaiegemeza kwenye nyonga, akainamisha macho.

"Oyawore, mama," akasalimia kwa Kijaluo.

Mama akapanga nyanya.

Kwenye pikapu dereva wetu alikuwa amesimamisha gari bila kuambiwa.

"Oyawore, mama."

"Mimi sioni mtu," mama akasema kwa Kiswahili, kwa nyanya zake. "Nasikia tu upepo. Upepo upite."

"Upepo umeshuka, mama."

Hapo ndipo Maranga alipopita, amesimama juu ya pedali zake za raba, macho mbele, jasho linamwagika. Na hakuna aliyemshangilia. Mtu wa kwao, bingwa wao, alipita katikati ya soko la kwao kama muuza karanga, kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama upande mwingine. Nyuma yake akapita mwingine, kijana wa Rusinga.

Mwanamke wa kibanda cha pili akashindwa kuvumilia. "Wewe mama, mjibu mtoto wa watu! Unamshikilia!"

"Nilimpa njia!" mama akamaka, bado amegeuka. "Nimesimama na jua hili nikimpa mgongo ili apite, yeye anashuka! Ni mtu gani huyu?"

"Ni mkwe wako," yule mwanamke akamwambia.

Mama akageuka. Alikuwa na nyanya mkononi. Akamtazama Wangwe tangu kichwani mpaka kwenye vile viatu, na miguu miwili iliyokuwa imesimama imara juu ya udongo wa Rodi, maana kwato ndogo hazitelezi.

"Oyawore ahinya," akasema polepole, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Binti yangu?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Basi nenda, mtoto wangu. Nenda, usinipotezee ngao!"

Akapanda. Hakuangalia chini. Kaa, kaa, miguu ikashikwa, na nyuma yake soko la Rodi likalipuka. Vigelegele vile sijasikia tena, na nimepita harusi nyingi katika nchi tatu. Walikuwa wanampigia mtu wa Migori, Mkuria, dhidi ya mwana wao wenyewe, na walikuwa wanakimbia kando yake mpaka mwisho wa maduka.

Barabara ya kutoka Rodi inateremka kwenda ziwani. Wangwe alimpita kijana wa Rusinga kwenye mteremko. Chini, kwenye tambarare, upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma usoni, na hapo mtu wa kusukuma tu anapata taabu kuliko mtu wa kusukuma na kuvuta. Mlima Asego wa Homa Bay ulipotokea, Wangwe alikuwa nyuma ya Maranga kwa urefu wa lori. Wakaingia mjini, urefu wa ng'ombe. Kwenye geti la uwanja walikuwa bega kwa bega, Maranga anapiga kelele kama mtu anayejifungua, na Wangwe akavuta mara moja kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mguu wa kulia ukachomoka.

Nyakundi alifunika uso. Mimi sikufunika. Nilimwona Wangwe akiyumba, mguu hewani, ukaanguka, ukakuta mdomo, kaa, akavuta tena. Ile pedali kubwa ingekuwa inaning'inia kichwa chini na yeye angekuwa bado anaitafuta. Lakini Maranga alikuwa tayari amemzidi nusu gurudumu, na mstari ulikuwa hapo.

Wa pili. Tena.

Maranga alilala kwenye nyasi muda mrefu. Alipoweza kusema alisema, "We mkwe wa Rodi, umenipa ngao."

"Nimekuazima," Wangwe akamjibu. "Itunze. Usiitoboe."

Nilidhani Nyakundi atamlaumu. Nyakundi alimvua kiatu, akakipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe, akamrudishia. Watu wa Migori tuliokuwepo tulikuwa wachache, lakini tulitembea ndani ya uwanja ule wa Homa Bay kama wenye nyumba. Mwandalizi mmoja alitujia kutupa pole. Tulimuuliza pole ya nini.

Wangwe alikataa kupanda pikapu. Akasema baiskeli ilimleta na baiskeli itamrudisha, nasi tukamfuata nyuma polepole. Tulipofika Rodi, jua lilikuwa bado liko juu. Tukaona wanawake wamesimama kando ya barabara, mmoja mmoja, wamepanga mstari kutoka maduka ya kwanza. Wa kwanza, bibi wa mkongojo, akajiweka sawa Wangwe alipokaribia, akainua kidevu.

"Ora!" akamwita, yaani mkwe wangu. "Hunioni? Mimi ni dada ya mama mkwe wako!"

Wangwe akashuka, akasimama kando, akainamisha macho, akasalimia. Bibi akajibu kwa kirefu, akauliza habari za ng'ombe wote. Wangwe akapanda. Hatua chache, wa pili: "Ora! Mimi ni mke mwenza wa shangazi yake!" Akashuka. Wa tatu alikuwa shangazi wa nani sikuelewa. Wa nne alikuwa muuza mkaa ambaye hakuwa na udugu wowote na mtu yeyote pale, alisema hivyo mwenyewe huku akicheka, lakini alisimama ameinua kidevu vilevile.

"Wamekugeuza mchezo!" Nyakundi akapaza sauti kutoka kwenye pikapu. "Panda twende!"

Wangwe hakupanda. Kisigino nje, tak. Alishuka kwa muuza mkaa, akainamisha macho, akamsalimia vizuri kama alivyomsalimia wa kwanza. Nikatazama mstari wa wanawake uliobaki, mpaka kule kibanda cha nyanya ambako mama alikuwa amekaa sasa kwenye kiti, amejitanda leso mpya, anangoja zamu yake ya mwisho kwa utulivu mkubwa. Nikamwambia dereva azime gari.